Ndoana Kooni: Mnyoo wa Plastiki na Historia ya Kumrudisha Samaki Majini

Kabla ya mwaka 1972, besi aliyemeza ndoana hadi kooni hakuwasumbua wavuvi wengi nchini Marekani. Alihesabiwa kuwa samaki aliyenaswa barabara. Mvuvi alimtoa majini, akamtunga kwenye kamba pamoja na wenzake, na ndoana ikasubiri kisu cha jikoni. Leo samaki huyohuyo, akiwa na ndoana hiyohiyo mahali palepale, huzua mabishano marefu: ikatwe kamba au ing'olewe ndoana, nani mzembe, nani muuaji. Koo la samaki halijabadilika. Kilichobadilika ni matumizi ya samaki. Hoja ya makala haya ni kwamba ndoana kumezwa si ajali ya siku mbaya ziwani. Imetokana na chambo kilichoboreshwa kwa miongo kadhaa ili samaki asikiteme, na pia na kanuni za uvuvi zilizotungwa zama za kitoweo, ambazo ziliendelea kufuatwa hata baada ya watu kuanza kuwarudisha samaki majini.

Besi mdomo mkubwa ni samaki wa maji baridi, mwenye asili ya mashariki na kusini mwa Amerika Kaskazini. Hang'ati mawindo yake kama papa, wala hanyofoi kidogokidogo kama perege. Hufungua kinywa kwa ghafla, akapanua mashavu, na maji yakaingia kwa kasi yakiwa yamebeba samaki mdogo, kamba au nyungunyungu. Maji hutokea kwenye matamvua, mawindo hubaki. Nyuma ya kinywa, mlangoni mwa koo, kuna vibamba vyenye vijino vidogo vya kukamatia na kusukumia chakula ndani. Tendo zima huchukua muda usiofikia kupepesa jicho. Kutema nako ni kwa kasi hiyohiyo: besi akihisi kitu kigumu au chenye ladha ngeni, hukirudisha nje kabla mvuvi hajajua kwamba kiliingia. Kwa hiyo watengeneza chambo walikuwa na swali moja tu la kujibu: utamfanyaje besi asiteme?

Jibu lililobadilisha uvuvi huo lilitoka Akron, Ohio, mji uliokuwa maarufu kwa viwanda vya mpira na matairi. Mwaka 1949 Nick Creme na mkewe Cosma walianza kupika nyumbani kwao mchanganyiko wa vinaili, mafuta na rangi, wakiumimina kwenye kalibu yenye umbo la nyungunyungu. Minyoo ya mpira ilikuwepo zamani, lakini ilikuwa migumu, na samaki aliyeionja hakuhitaji kufundishwa kuitema. Mnyoo wa Creme ulikuwa laini, ulinepa, ulicheza majini kwa mwendo mdogo tu wa kamba. Kufikia mwaka 1951 ulikuwa ukiuzwa kwa posta, mitano kwa dola moja. Baadaye biashara hiyo ilihamia Tyler, mashariki mwa Texas, na uhamisho huo una uzito katika habari hii kuliko hata mapishi yenyewe.

Texas ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa nchi ya mabwawa. Mito ilizibwa kwa ajili ya umeme, maji ya miji na kuzuia mafuriko, na mara nyingi misitu iliyokuwa bondeni ilifunikwa na maji ikiwa imesimama. Sam Rayburn na Toledo Bend, mabwawa makubwa yaliyoanza kujazwa katikati ya miaka ya 1960, yalikuwa misitu ya miti mikavu inayochungulia juu ya maji. Besi aliipenda hali hiyo kwa kuwa huwinda kwa kuvizia na hutaka mahali pa kujificha. Mvuvi aliyetupa ndoana tupu humo aliirudisha ikiwa imenasa tawi, au hakuirudisha kabisa. Hapo ndipo wavuvi wa mashariki mwa Texas walipobuni mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina la jimbo lao: chubwi yenye umbo la risasi inayoteleza kwenye kamba, na ndoana iliyopitishwa kichwani mwa mnyoo, kisha ncha yake ikafichwa ndani ya plastiki. Mnyoo huo ulipita katikati ya matawi bila kunasa.

Nia ilikuwa kukwepa miti, lakini matokeo yalimfikia samaki. Ndoana iliyofichwa haimchomi. Besi anayeufyonza mnyoo wa namna hiyo hakutani na ncha, hakutani na chuma, anakutana na nyama laini ya bandia. Kwa kuwa chubwi inateleza kwenye kamba badala ya kufungwa pamoja na mnyoo, anaweza hata kuondoka nao bila kuhisi uzito wote wa risasi. Sababu mbili zilizokuwa zikimfanya ateme, ugumu na uzito, zikapungua kwa pigo moja. Mtu anayesema kwamba besi humeza kwa sababu ni mlafi anamwonea samaki. Mafundi waliviondoa kimoja kimoja vitu vilivyokuwa vikimwonya.

Kazi hiyo haikuishia hapo. Katika miaka ya 1980 Gene Larew wa Oklahoma alitia chumvi kwenye plastiki, na watengenezaji wengine wakaongeza harufu na ladha. Sifa waliyoinadi wote ilikuwa moja: samaki ataking'ang'ania chambo kwa muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1990 Gary Yamamoto alitoa mnyoo mnene uitwao Senko, usio na mkia wa kuchezacheza, uliojaa chumvi kiasi cha kuzama wenyewe bila chubwi. Ni chambo kinachoonekana cha kijinga, kijiti tu kinachoshuka polepole kikitetemeka kidogo pande zote mbili. Kilipata umaarufu mkubwa mno. Lakini chambo kinachoshuka bila chubwi hushuka na kamba iliyolegea, na kamba iliyolegea haipelekei habari yoyote mkononi mwa mvuvi. Besi hukifyonza kikiwa njiani, akaendelea kusimama palepale au kuogelea kumwelekea mvuvi, na juu ya mashua hakuna anayejua lolote. Mvuvi anapoona kamba ikienda pembeni, mnyoo umeshapita vijino vya koo.

Upande wa pili wa mkasa huu ni ushauri waliopewa wavuvi. Katika miaka ya mwanzo mnyoo wa plastiki ulivuliwa kwa desturi ya chambo hai. Aliyezoea kutumia nyungunyungu au samaki mdogo alijua kwamba besi akichukua, unamwachia kamba, unamwacha aende, unasubiri ameze, kisha unavuta. Kanuni hiyo ilihamishiwa kwenye plastiki bila kubadilishwa. Na kwa madhumuni ya wakati ule ilikuwa kanuni sahihi, maana samaki aliyemeza hachomoki, na samaki asiyechomoka ni chakula cha jioni. Ni kosa kuwacheka wazee hao. Walikuwa na lengo, na njia yao ilifikia lengo. Kilichokosewa ni kuendelea kuirithisha njia hiyo baada ya lengo kuondoka.

Lengo lilianza kuondoka kwa mkono wa mtu ambaye hakuwa mwanasayansi wala mhifadhi. Ray Scott alikuwa wakala wa bima huko Montgomery, Alabama. Mwezi Juni 1967 aliandaa mashindano ya kuvua besi katika bwawa la Beaver, Arkansas, akapata washiriki 106 waliolipa dola 100 kila mmoja. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S., pamoja na jarida lake. Mashindano yalikua haraka, na picha zake zikakua nazo: wanaume wakitabasamu mbele ya kamba ndefu zilizotungwa samaki waliokufa. Wenyeji wa maziwa walianza kunung'unika kwamba wageni wanakuja na mashua zenye injini kubwa kuwamalizia samaki. Mwaka 1972 Scott akatangaza mpango wa kutoua samaki wa mashindano. Alichochewa na mfano wa wavuvi wa trauti, ambao miongoni mwao desturi ya kuachilia ilikuwa imekwisha kupata watetezi. Lee Wulff, mmoja wa waandishi wao mashuhuri, aliihubiri tangu mwaka 1939. Mashua zikawekewa matangi yanayopitisha hewa na maji, na mshindani aliyefikisha samaki hai kwenye mizani akaongezewa uzito.

Kuna wanaosema kwamba Scott alifanya hivyo kulinda biashara yake, si samaki. Huenda ni kweli kwa sehemu, na hoja hii haidhuriki. Mabadiliko ya desturi hayahitaji malaika. Scott alifahamu, kwa akili ya muuza bima, kwamba mvuvi wa mashindano anaheshimu mizani kuliko mahubiri, basi akaiweka hifadhi juu ya mizani. Kuanzia hapo samaki aliyekufa aligharimu uzito. Na mara tu kifo cha samaki kilipopata bei, watu wakaanza kuuliza samaki hufa kwa nini, na ndoana iliyokuwa kooni bila kusumbua mtu ikawa jambo la kuzungumzwa.

Vifaa vilisaidia jibu lipatikane, ingawa havikutengenezwa kwa ajili hiyo. Miaka ya 1970 ilileta fimbo za nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu kuliko zile za nyuzi za kioo, zinazopitisha mtikisiko mdogo hadi kiganjani. Miaka ya 1990 ikaleta kamba za kusuka zisizonyumbuka. Mvuvi akaweza kuhisi besi alipofyonza, si alipoondoka. Mshindani naye alikuwa na sababu yake ya kuharakisha, kwani kila nukta ya kusubiri ni nafasi ya besi kutema. Hivyo ushauri ukageuka: ukihisi, punguza kamba iliyolegea na uvute mara moja. Anayevuta mapema hunasa mdomoni au pembeni mwa taya, ambako ndoana hutoka kwa kidole. Kwa namna hiyo tamaa ya kushinda na usalama wa samaki vilijikuta vikielekea upande mmoja, jambo lisilotokea mara nyingi katika historia ya uvuvi popote duniani.

Hata hivyo wapo watakaomeza. Hapa historia inaingia maabara, na majibu yake hayakunyooka. Kwa miaka mingi kanuni iliyochapishwa kwenye vipeperushi na majarida ilikuwa moja: kata kamba, mwachie samaki, ndoana itaota kutu na kudondoka. Ushahidi wa mwanzo uliiunga mkono. Mwaka 1967 watafiti wawili, Mason na Hunt, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa trauti waliomeza ndoana. Waliokatiwa kamba walinusurika kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliong'olewa ndoana. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Kanada lilijaribu tena kwa bluegill, samaki mdogo wa ukoo mmoja na besi. Baada ya siku 10, waliong'olewa ndoana walikuwa wamekufa asilimia 44, na waliokatiwa kamba asilimia 12.5. Wengi wa hao wa pili walikuwa wameitema ndoana wenyewe. Mapitio makubwa ya tafiti za namna hii, yakiwemo yale ya Muoneke na Childress ya mwaka 1994, yanakubaliana katika jambo la msingi: miongoni mwa mambo yanayoamua uhai wa samaki aliyeachiliwa, mahali ilipochoma ndoana ni la mbele. Si ajabu, kwani moyo wa besi uko karibu sana na koo, nyuma tu ya matamvua, na mishipa mikubwa ya damu inapita hapohapo.

Lakini baadhi ya wavuvi na waandishi wa kusini mwa Marekani walikataa kuishia hapo, na pingamizi lao lina nguvu. Kwanza, kutu haina haraka kama vipeperushi vilivyodai. Ndoana za kisasa hupakwa rangi au madini ya kuzuia kutu, na za chuma cha pua hudumu muda mrefu mno. Pili, ndoana ya mnyoo ni ndefu. Ikikaa kooni, shina lake hurudi juu kuelekea kinywani na linaweza kuziba njia ya chakula kinachoshuka. Ndoana fupi ya bluegill haileti kizuizi cha kiwango hicho. Tatu, kuing'oa kwa kuvuta kupitia kinywani ni tendo moja, na kuitoa kwa ustadi ni tendo lingine kabisa.

Ustadi wanaouzungumzia unapitia pembeni. Mvuvi huondoa kwanza mnyoo usimzibe macho, huvuta kamba taratibu hadi apaone mahali shina lilipo, kisha hufungua kifuniko cha matamvua na kupitisha koleo jembamba lenye mdomo mrefu kutoka nyuma, bila kugusa matao mekundu ya matamvua yenyewe. Hushika shina la ndoana, akalisukuma ili ndoana ibiruke: tundu la kamba liende chini, mpindo uje juu. Ncha hutoka kwa njia iliyoingilia, badala ya kuchana nyama mpya, na ndoana iliyokwisha kulegea huchukuliwa kupitia kinywani. Ikiwa kijino cha ndoana kilibanwa kwa koleo kabla ya kuvua, kazi huwa nusu. Haya yote yanatakiwa kufanyika haraka, kwa mikono iliyolowa, na yanasimama mara damu inapoanza kububujika.

Kwa maoni yangu pande hizi mbili hazipingani kama zinavyodhani. Takwimu za wanasayansi zinamhusu mvuvi wa kawaida, na mvuvi wa kawaida akitia koleo kooni huua. Pingamizi la mafundi linamhusu mtu aliyejifunza, tena kwa ndoana iliyoko mlangoni mwa koo, inayoonekana. Ndoana iliyozama tumboni haina fundi, hiyo hukatiwa kamba karibu na kinywa. Kinachosahaulika na pande zote ni kwamba hakuna njia kati ya hizo inayolingana na kutomezesha. Hata asilimia 12.5, iliyo nafuu kuliko 44, ni samaki mmoja katika kila wanane.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitumike ndoana ya duara, ile yenye ncha iliyogeukia ndani, ambayo wavuvi wa visiwa vya Pasifiki waliichonga kwa mfupa na kombe karne nyingi kabla ya chuma. Hiyo huteleza kooni bila kuchoma na kunasa pembe ya taya inapotoka. Kwa samaki wa baharini na chambo hai imefanya kazi nzuri. Tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani inaitaka katika mashindano ya samaki wa jamii ya sulisuli kwenye Atlantiki panapotumika chambo cha asili. Tatizo ni kwamba ndoana ya duara inahitaji mvuvi asivute kwa nguvu, bali akaze kamba polepole. Mvuvi wa mnyoo wa plastiki amefundishwa kinyume chake, na ni lazima atoboe plastiki kwanza ndipo amfikie samaki. Majaribio ya Steven Cooke na wenzake kwa besi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalionyesha kwamba ndoana hizo zilishindwa mara nyingi zaidi kumnasa. Zana nzuri kwa bahari si lazima iwe nzuri kwa bwawa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtu anayeuliza: samaki si chakula? Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki kamili ya kuliuliza, na besi mwenyewe ana shahidi hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliletwa kutoka Marekani akapandikizwa Ziwa Naivasha, kwa starehe ya walowezi waliotaka samaki wa kuchezea. Uvuvi wa biashara ulipoanza ziwani humo mwaka 1959, besi akaingia sokoni pamoja na perege, akavuliwa kwa nyavu, akauzwa na kuliwa. Wanaoliharibu jina lake wanasema pia kwamba ulafi wake ulichangia kutoweka kwa samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Kule anakotoka anarudishwa majini kwa heshima, huku anapikwa. Sioni kosa upande wowote. Ila hata mlaji hawezi kujitoa katika suala hili, kwa sababu majimbo mengi ya Marekani, Texas likiwa mojawapo, yana sheria za urefu: besi aliye chini ya kipimo lazima arudishwe, uwe unataka kitoweo au hutaki. Na besi wadogo, kwa uzoefu wa kila anayewavua, ndio wasiochelewa kumeza. Mvuvi anayengoja ameze ili asimponyoke, kisha akagundua kuwa ni mfupi, analazimishwa na sheria kumtupa samaki aliyemjeruhi mwenyewe.

Pamoja na hayo, ushauri wa kungoja haujafa. Unasikika bado kila msimu wa Senko, ukitolewa kwa moyo mzuri na watu ambao wangechukizwa kuona samaki akielea tumbo juu. Chambo chenyewe hakitarudi nyuma. Plastiki laini yenye chumvi na ncha iliyofichwa itaendelea kutengenezwa kwa sababu inavua. Basi mzigo wote umebaki kwenye kamba na mkono: angalia kamba inaposhuka, usiiache ilegee kupita kiasi, vuta mapema, na ukubali kuwakosa wachache. Na akipatikana aliyemeza hadi ndani, anayevuja damu, naye ametimiza kipimo cha sheria, asirudishwe majini kwa ajili ya kuridhisha dhamiri. Huyo apelekwe jikoni.